Wasomaji Wanauliza: Matibabu ni Bure, Mbona Maskini Haji?

Tulipoomba maswali kuhusu milipuko ya magonjwa, barua nyingi zilizunguka jambo moja: vimelea havibagui, ila mlango wa zahanati unabagua. Tumechagua sita. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali hayalingani uzito.

SWALI: Mlipuko ukitangazwa, tunaambiwa kupima na kutibiwa ni bure. Hata hivyo watu wa hali ya chini huja wachache, na wengi wao huja wakiwa hoi. Je, ni ujinga, ni ushirikina, au kuna jingine? (Mwenyekiti wa kamati ya afya)

JIBU: Ujinga upo, Mwenyekiti, lakini ukianza nao utamaliza mwaka ukihubiri na wagonjwa bado wamelala majumbani. Anza na hesabu ya siku.

Bure iliyotangazwa ni ya dirisha la malipo tu. Anayeishi kwa kibarua huwa ameshalipa kabla hajalifikia dirisha hilo: ujira wa siku umekwenda, nauli ya kwenda na kurudi imetoka, na mara nyingi ujira wa ndugu anayemsindikiza umekwenda pia. Akiambiwa "vipimo vimeisha, rudi kesho", gharama yote inajirudia. Mwenye mshahara wa mwezi akiambiwa hivyo hivyo, amepoteza asubuhi moja tu, na mshahara uko pale pale.

Kisha kuna gharama ya baada ya kipimo, ambayo wapangaji huisahau. Mtu akikutwa na ugonjwa hutengwa, na waliokutana naye hufuatiliwa. Kwa Ebola ufuatiliaji ni siku 21. Wataalamu wa kifua kikuu wana kipimo chao cha kujua kama ugonjwa umeifilisi familia: Shirika la Afya Duniani hutazama kama gharama zote, pamoja na kipato kilichopotea, zimepita 20% ya kipato cha mwaka. Kwa anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka, hizo ni siku 60. Siku 21 za karantini ni 7% tu, kwa hiyo kwenye karatasi familia hiyo haijaguswa sana. Lakini 7% hiyo imekatwa kwa mkupuo. Nyumba yenye akiba ya siku tatu inabaki siku kumi na nane bila kitu. Mama mwenye nyumba kama hiyo akimwona mwanawe ana homa, anajua fika kwamba kumpeleka kupimwa ni kuweka chakula cha watoto wengine rehani. Akisubiri siku mbili kuona kama homa itashuka, hajafanya ujinga. Amepiga hesabu.

Mtego wa tatu ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Mara nyingi bure hiyo inahusu ugonjwa wa mlipuko peke yake. Mgonjwa anakuja na homa, anapimwa, anakutwa hana ugonjwa huo bali ana malaria au nimonia, na hapo hapo anaingizwa kwenye ada za kawaida. Yaani huduma ni bure hadi ugundulike huumwi kinachotafutwa. Habari ya bili ya namna hiyo hufika mtaani kabla mgonjwa mwenyewe hajafika.

Kwa hiyo kamati yako ifanye nini? Kwanza ijue kuchelewa kunatokea wapi. Wanaoshughulika na vifo vya uzazi waligawa tatizo hili mafungu matatu, na mgawanyo huo unatumika tangu 1994: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kwa kila mgonjwa aliyeletwa hoi, andikeni dalili zilianza lini, familia iliamua lini kuja, walifika saa ngapi na alionwa saa ngapi. Baada ya wagonjwa ishirini au thelathini mtaona pengo kubwa liko wapi. Likiwa kwenye kufika, gari la tangazo ni upotevu wa mafuta, tafuteni pikipiki. Likiwa kwenye kuhudumiwa, tatizo ni letu wenyewe wa ndani.

Pili, chakula na maji vifike kwenye nyumba iliyowekwa karantini siku ile ile ya kwanza. Vikifika wiki ya pili, watu watakuwa wameshatoroka kwenda kutafuta riziki, nanyi mtawaita wakaidi. Tatu, msamaha wa ada usidai barua. Barua ya kuthibitisha umaskini ina safari zake mbili au tatu, na aliye maskini kabisa ndiye asiye na kitambulisho cha kuiombea. Ni rahisi kutangaza kwamba mlipuko ukiwapo, kila mwenye homa kutoka vitongoji fulani anatibiwa bure, awe na ugonjwa wa mlipuko au asiwe nao. Watapita wachache wenye uwezo wao. Waache wapite, hasara yake ni ndogo kuliko ya kumkosa mmoja anayeambukiza wengine.

SWALI: Takwimu zetu zinaonyesha wagonjwa waliothibitishwa ni wengi mtaa wa wenye nafasi kuliko mtaa wa mabanda. Tupeleke nguvu kwa wenye nafasi? (Karani wa takwimu)

JIBU: Usikimbilie huko. Daftari la maabara huhesabu waliopimwa, si wanaoumwa.

Chukua mitaa miwili, kila mmoja una watu 10,000. Wa kwanza umepima watu 400, wakapatikana 40. Wa pili umepima 50, wakapatikana 20. Ramani ya wagonjwa itauonyesha mtaa wa kwanza mwekundu mara mbili. Sasa gawanya: wa kwanza ni 10% ya waliopimwa, wa pili ni 40%. Mtaa unaopima watu 50 na kukuta 20 ni wagonjwa, unawapima waliozidiwa tu. Ila usivuke hapo ukadai kwamba 40% ya wakazi wameambukizwa, maana waliopimwa hawakuchaguliwa kwa kura. Namba hiyo inakuambia jambo moja: peleka vipimo huko.

Santiago, mji mkuu wa Chile, iliyapitia haya wakati wa UVIKO-19 mwaka 2020. Manispaa za kipato cha chini zilipima kidogo na majibu yakachelewa, huku watu wakiendelea kutoka kwa sababu kazi zao hazifanyiki sebuleni. Hatari ya mtu aliyeambukizwa kufa kabla ya uzee ikawa kubwa huko kuliko kwenye manispaa za matajiri.

Kama daftari lako lina safu za umri na jinsia tu, ongeza nne: anakolala, tarehe dalili zilipoanza, tarehe aliyofika, na kazi anayofanya. Hiyo ya kwanza ndiyo inayoharibika kuliko zote. Ukimuuliza mgonjwa "unaishi wapi?", aliyefikia kwa dada yake mjini atataja kwa dada, na kitongoji chake kitabaki safi kwenye ramani yako. Uliza hivi: "Wiki moja kabla hujaugua ulikuwa unalala wapi?" Usiulize kipato pia, watu hukificha, na vibarua wengi hawakijui kwa mwezi. Uliza sakafu ni ya nini, maji wanachota wapi, choo wanatumia na nyumba ngapi, na chumba kimoja wanalala wangapi. Majibu manne hayo yanatosha kupanga watu makundi.

Siku za kati ya dalili na kufika zitakueleza mengi kuliko idadi. Mtaa mmoja wakifika siku ya pili na mwingine siku ya sita, huhitaji fomula. Tazama pia vifo vyote, visingiziwe ugonjwa gani, na ulinganishe na miezi kama hiyo ya miaka iliyopita. Vitabu vya makaburi ni shahidi mzuri pale maabara ilipokosekana.

Unapolinganisha kushuka kwa mahudhurio, toa tofauti na asilimia pamoja. Mtaa wa wenye nafasi ukishuka kutoka wagonjwa 100 hadi 80, na wa mabanda kutoka 50 hadi 30, yote miwili imepoteza 20. Bosi atasema "wote wameathirika sawa". Wa kwanza umepoteza 20%, wa pili 40%, tena ulikuwa na wachache tangu mwanzo. Na kama kitongoji kina wagonjwa sita tu kwa wiki, unganisha wiki nne kabla hujachora mstari wowote.

SWALI: Tunataka watu wajiandikishe chanjo kwa intaneti ili kupunguza foleni. Kuna ubaya? (Msimamizi wa kituo)

JIBU: Foleni itapungua, na watakaopungua ndani yake ni wale uliowataka. Mwaka 2000 mtafiti wa Brazili, Cesar Victora, na wenzake walieleza mwenendo huu: huduma mpya huwafikia kwanza walio na hali nzuri, pengo linapanuka, kisha polepole wengine wanafuata. Daktari Julian Tudor Hart wa Wales alishaandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri huelekea kupatikana kinyume na mahitaji, na hadi leo mfumo wa nafasi za intaneti unamthibitisha kila unapofunguliwa.

Tenga dozi kabla hujafungua mfumo. Sema nusu ni za waliojiandikisha na nusu ni za wanaofika kwa miguu, na zisihamishwe kabla ya saa mbili za mwisho za siku. Ruhusu simu moja iandikishe watu wengi, maana kuna nyumba za watu wanane zenye simu moja. Tumia menyu ya namba fupi inayokubali simu ya kawaida isiyo na kifurushi. Na fungua jioni mara mbili kwa wiki.

SWALI: Tangu mlipuko uanze, kliniki ya wajawazito na chanjo za watoto imekuwa tupu. Tuwafuate au tusubiri watulie? (Muuguzi)

JIBU: Wafuateni, ila si wote kwa mpigo.

Kushuka si jambo la kituo chenu peke yake. Mapitio ya tafiti 81 kutoka nchi 20, yaliyochapishwa 2021, yalikuta matumizi ya huduma yalipungua kwa takriban 37% wakati wa UVIKO-19, na yalipungua zaidi kwa magonjwa mepesi. Sehemu ya upungufu huo, tuseme kweli, si hasara: mafua ambayo yangepona yenyewe yamepona yenyewe. Hasara iko kwa wale wasio na nafasi ya kuchelewa. Mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi uliotangazwa 2014 uliua watu takriban 11,300. Makadirio ya kitaalamu yanasema kwamba kama huduma nyingine zilipungua kwa nusu huko Guinea, Liberia na Sierra Leone, malaria, VVU na kifua kikuu viliua zaidi ya watu 10,000 wa ziada, karibu sawa na Ebola yenyewe. Mwaka 2020 wagonjwa wapya wa kifua kikuu walioandikishwa duniani walishuka kutoka milioni 7.1 hadi milioni 5.8. Hawakuwa wamepona, walikuwa wamekosekana tu, na vifo vya ugonjwa huo vikapanda kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Na mwaka 2021 watoto milioni 25 walikosa dozi moja au zaidi ya chanjo za msingi.

Fungua rejesta, toa majina ya waliopitisha tarehe yao, kisha uyapange. Juu kabisa weka wajawazito wa wiki 36 na kuendelea na wale waliowahi kupasuliwa, kutokwa damu nyingi au kupanda presha. Na wagonjwa wa kifua kikuu na VVU ambao ukihesabu vidonge walivyopewa, vimeshaisha. Chini yao weka watoto ambao hawajapata hata dozi ya kwanza. Hao hawamo kwenye rejesta ya chanjo, kwa hiyo watafute kwenye rejesta ya kujifungua, na waliozaliwa nyumbani utawapata kwa wahudumu wa jamii peke yao. Mtoto aliyeruka dozi haanzi upya. Anaendelea pale alipoachia, mradi wiki nne zimepita tangu dozi iliyotangulia.

Wagonjwa wa VVU na presha walio imara wape dawa za miezi mitatu, au sita kama ghala linaruhusu. Safari moja badala ya sita ni punguzo kubwa kwa mwenye nauli ya kuhesabu. Kinachovunja mpango huu ni ghala: ukiwapa wa kwanza miezi sita, wa mwisho hupata wiki mbili, na wa mwisho huwa ni yule anayetoka mbali. Hesabu akiba kwanza.

Wanaoogopa hawaogopi bure; mara nyingi wameona wagonjwa wa mlipuko wakipita mlango ule ule. Weka mlango wa pili wa mama na mtoto, na meza ya kuchuja dalili getini, si ndani ya ukumbi. Kosa tunalolisikia mara kwa mara: meza inafunguliwa saa tatu ilhali akina mama wamefika saa kumi na mbili asubuhi, wamekaa benchi moja na wenye homa kwa saa tatu. Zingatia pia watumishi. Kituo cha karantini kikifunguliwa, wakunga ndio huhamishwa kwanza kwa sababu ni wazoefu. Andika mapema majina ya wasioguswa katika wodi ya wazazi, na mganga mkuu aweke saini kabla mlipuko haujapamba moto.

Wenye nafasi watarudi wenyewe. Ukumbi ukijaa tena, usidhani kazi imekwisha hadi umeangalia wanakotoka waliojaa.

SWALI: Ni kweli kipima oksijeni cha kidole hudanganya kwa watu weusi? (Mhudumu wa afya ngazi ya jamii)

JIBU: Ni kweli, na kosa lake linaelekea upande wa hatari. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 uliwatazama wagonjwa ambao kipimo cha kidole kiliwasomea 92 hadi 96%. Damu yao ya mshipa wa ateri ilipopimwa, iliyokuwa chini ya 88% ilikutwa katika 11.7% ya vipimo vya Weusi, na 3.6% vya Weupe. Mwanga wa kifaa hupita kwenye ngozi, rangi ya ngozi huunyonya, na vifaa vingi havikujaribiwa vya kutosha kwa ngozi nyeusi. Matokeo yake ni kwamba mtu anaambiwa "uko sawa, rudi nyumbani", au anacheleweshewa dawa inayotolewa kwa kigezo cha namba hiyo.

Usikitupe. Futa rangi ya kucha, pasha mkono moto kama ni wa baridi, subiri namba itulie, kisha andika. Fuata mwelekeo: aliyekuwa 97 asubuhi na sasa ni 93 anashuka, hata kama 93 haijafika kwenye mstari wako. Na hesabu pumzi kwa dakika nzima ukitazama saa, si nusu dakika mara mbili. Mtu mzima akizidi pumzi 30 kwa dakika, au hawezi kumaliza sentensi moja bila kukata, mpe rufaa, namba ya kidole iseme inachosema.

SWALI: Kitongoji chetu kiko saa tatu kwa miguu kutoka kituo cha kipindupindu. Tunaweza kuweka kitu gani hapa hapa? (Mjumbe wa serikali ya kitongoji)

JIBU: Wekeni kituo cha kunywesha maji ya ORS, yaani mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Kipindupindu kikitibiwa vizuri huua chini ya mtu 1 kati ya 100. Kikiachwa, kile kikali huweza kuua hata nusu, tena ndani ya saa chache. Kwa hiyo saa tatu zenu za miguu ni ugonjwa wa pili.

Mnahitaji kivuli, benchi, ndoo mbili zenye kifuniko na bomba (moja ya kunywa, moja ya kunawa kwa sabuni), dawa ya kutibu maji, vikombe, jagi lenye alama ya lita 1, pakiti za ORS, daftari, na choo cha karibu kisichotiririka kwenye kisima. Maji ya kunywa yapimwe yabaki na klorini angalau miligramu 0.5 kwa lita.

Pakiti ya lita 1 inachanganywa na lita 1. Hapa ndipo panapoharibika. Chupa iliyopo nyumbani ikiwa ya nusu lita, mama humimina pakiti nzima. Dawa inakuwa kali ya chumvi, mtoto anatapika na kuzidiwa. Ikiwa ya lita moja na nusu, inakuwa nyepesi mno. Toeni chupa yenye mstari uliochorwa pamoja na pakiti. Pakiti zikiisha, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimefutwa juu kwa kisu visiwe na kichuguu. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Mtoto aliyepungukiwa maji lakini bado anakunywa, mpeni mililita 75 kwa kila kilo katika saa nne za kwanza. Wa kilo 12 ni mililita 900, kijiko kwa kijiko. Akitapika, subirini dakika kumi, endeleeni polepole zaidi. Kisha baada ya kila choo cha maji: chini ya miaka 2, mililita 50 hadi 100, miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200, mkubwa, kadiri anavyotaka.

Amelegea au amepoteza fahamu, hawezi kunywa, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole sana: huyo si wa benchi lenu. Mtu wa kilo 50 wa namna hiyo anahitaji lita 5 za maji ya mshipani ndani ya saa tatu, na lita moja na nusu ya hizo katika nusu saa ya kwanza. Apakiwe mara moja, na kama anameza, aendelee kunyweshwa njiani.

Mkubaliane kabla ya mlipuko nani ana pikipiki, nani anamlipia mafuta, na anaamshwaje usiku. Kipindupindu hakingoji asubuhi, na usiku ndipo tofauti ya mwenye gari na asiye nalo inapokuwa ya uhai. Kituo kinachofungwa saa kumi na mbili jioni kitawakosa wengi wa wale mliokifungua kwa ajili yao. Pangeni zamu mbili, na mnunue taa kabla ya benchi.